Shangazi, nimeshika sindano sikumbuki kama nimeshamchoma

Shangazi shikamoo. Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 34, nina mume na watoto wawili, tunaishi huku Mbagala. Nafanya kazi hospitali ya binafsi hapa Dar, naomba nisiitaje jina. Nina mwaka wa tisa kwenye hii kazi na minne ya mwisho yote nipo wodi ya wazazi. Hapa naandika ni saa 6 mchana, nimetoka naiti, nyumba nzima wanajua nimelala.

Nikisema kwa kifupi tatizo langu ni usingizi. Zamani rosta yetu ilikuwa naiti nne ofu mbili, unapumzika unarudi mchana, maisha yanaenda. Mwaka huu wenzetu wawili wameondoka, mmoja kaenda Oman mwingine kaacha kazi tu kaenda kufungua duka, na nafasi zao hazijazibwa mpaka leo, kwahiyo sisi tuliobaki tunapiga naiti sita mpaka saba mfululizo. Naingia saa 2 usiku natoka saa 2 asubuhi, hiyo ni kwenye makaratasi, ukweli ni kwamba ripoti haiishi kabla ya saa 2 na nusu na nikija kufika kwangu na foleni ile ni saa 3 na nusu saa 4 huko. Nikifika naoga, najilaza, macho makavu. Nyumba ni ya bati haina dari, ikifika saa 5 kile chumba ni tanuri. Jirani yangu ni fundi wa mageti, ile mashine yake ya kukatia chuma ikianza nahisi kama inakata kichwa changu. Mtoto mdogo akirudi shule anakuja kunipapasa uso, "mama umelala?"

Nikaanza kunywa vile vinywaji vya kopo ili usiku nikae macho, moja saa 5 na lingine saa 10. Asubuhi silali. Ndio nikaanza Piriton, ikaacha kufanya kazi, nikahamia Valium. Shangazi usinigombeze. Famasi ya mtaani wananijua mimi ni nesi, hawaniulizi cheti cha daktari. Nilianza nusu kidonge, sasa ni mwezi wa nne nameza viwili vya miligramu 5 kila nikitoka kazini na hata siku za ofu.

Sasa kilichonifanya niandike. Wiki tatu zilizopita ilikuwa naiti yangu ya sita. Siku hiyo nilikuwa nimemeza vidonge vyangu saa 4 asubuhi, fundi akaniamsha saa 5, sikulala tena. Usiku tulikuwa wawili na wodi imejaa, kitanda namba 7 kulikuwa na mama mdogo tu, miaka 19, wa kifafa cha mimba, yupo kwenye magnesiamu, sindano ya tako kila baada ya saa 4. Saa 10 usiku nikavuta dawa, nikaenda, nikamfunua, nimeshashika sindano mkononi, mama wa kitanda namba 8 akasema taratibu "sista, si umemchoma sasa hivi?" Nikamjibu vibaya sana. Nikamwambia "wewe lala, kazi yangu naijua." Nikarudi mezani kuangalia faili. Hakuna kitu. Nikaangalia kwenye ndoo ya takataka nikakuta vichupa vya ile dawa, nikakumbuka. Nilimchoma saa 8, kabla sijaandika nikaitwa mzazi mwingine anasukuma nikakimbia, nikasahau. Na ile ya saa 10 hata goti sikumgonga kuona kama linaitikia wala pumzi sikuhesabu kabla ya kuvuta dawa, kitu ambacho nafundisha wanafunzi kila siku. Wewe sio wa hospitali lakini nikwambie tu magnesiamu ikizidi mgonjwa anapungua pumzi mpaka zinasimama.

Nikaimwaga kwenye sinki. Nikaandika ile ya saa 8. Sijamwambia mtu. Yule binti alitoka mzima na mtoto wake.

Tangu siku hiyo hata ofu silali. Saa 10 usiku macho yanafunguka yenyewe. Mume wangu ni mtu mzuri ila anasema "wewe si unalala mchana kutwa, wengine tunaamka alfajiri kila siku." Inchaji wangu, msimamizi wa wodi, ndiye alinisimamia kwenye ndoa yangu, nikimwambia nitakuwa nimembebesha mzigo, asiponiripoti ni kosa lake, akiniripoti ni kosa langu. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa. Mwenzetu mmoja aliwahi kusema kwenye kikao amechoka akajibiwa kuna watu wana vyeti wako nyumbani wanaomba hiyo nafasi. Tena wanaweza kunifutia leseni. Niseme au ninyamaze? Niache kazi? Au ni uzembe tu na natafuta sababu? Naona kila mtu anapiga naiti na anaishi.

Mkunga asiyelala, Dar

—

Marahaba mwanangu, pole. Pole ya kwanza ni ya kazi, ya pili ni ya kubeba hili peke yako wiki tatu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nahesabu. Unasema kwa kifupi tatizo ni usingizi, lakini ukifika kitanda namba 7 ndipo unapoandika kila kitu, saa, takataka, sinki, maneno uliyomjibu yule mama. Kwahiyo mimi naona vitu vitatu vimefungwa kwenye kanga moja: mwili usiopata usingizi, vidonge, na siri. Wewe umevipa jina moja, uzembe. Niruhusu nivifungue.

Tuanze na hilo neno. Uliamka saa 5 asubuhi. Ulishika ile sindano saa 10 usiku. Hesabu kwa vidole, ni masaa 17 upo macho, baada ya lisaa limoja la usingizi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu waliokaa macho masaa 17 wakakuta umakini wao umeshuka sawasawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na wakifika masaa 24 ni kama asilimia 0.10. Na wale walianza wakiwa wamelala vizuri, wewe ulikuwa naiti ya sita. Yani hospitali isingekuruhusu uingie wodini umekunywa bia, ila rosta ilikuruhusu uingie hivyo ulivyokuwa. Sisemi hivi ili nikufutie. Wewe mwenyewe unajua hukugonga goti na hukuandika, hayo ni yako na nadhani hutaki mtu akudanganye kwamba sio yako. Nauliza tu, mzembe ni mtu asiyejali, si ndio? Mtu asiyejali angeenda kupekua takataka saa 10 usiku kutafuta vichupa?

Na hili la kila mtu anapiga naiti na anaishi, una uhakika gani? Wewe pia wenzako wanakuona unapiga naiti na unaishi. Nina miaka mingi ya kukaa na watu kwenye kiti cha ushauri na wauguzi ndio kundi linalokuja limechelewa kuliko wote, sijui kwanini, labda kwa sababu wamezoea kuwa upande wa pili wa kitanda. Kila mmoja akiingia anasema wenzake wako sawa.

Sasa usingizi wenyewe. Mumeo anaposema unalala mchana kutwa anaamini masaa ya mchana na ya usiku ni bei moja. Mwambie hayako hivyo, na usimwambie kwa hasira, siku ya ofu mmekaa. Ndani ya mwili kuna saa yake, waliochimbua jinsi inavyofanya kazi walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017, na hiyo saa inaongozwa na mwanga. Giza likiingia ubongo unatoa melatonini, mwili unajiandaa kulala. Wewe unatoka kazini saa 2 na nusu, jua la Dar linakupiga usoni kituoni na kwenye daladala, ubongo unaambiwa kumekucha, halafu unaulazimisha ulale kwenye chumba cha bati. Na lile kopo la saa 10 usiku, ukifika kitandani saa 4 karibu nusu ya kafeini bado ipo mwilini. Unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja mwanangu.

Kuna vitu vidogo watu wa naiti wanavifanya, sio muujiza. Miwani ya jua kutoka getini mpaka nyumbani. Kopo la pili kulifuta, la kwanza liwe mwanzoni mwa shifti. Kitenge kizito au blanketi dirishani, feni, pamba masikioni. Kama mna makubaliano ya kupeana zamu ya kulala hata dakika 20 saa 9 usiku mwenzako akiwa macho, muyatumie, ingawa najua mkiwa wawili na wodi imejaa hilo ni ndoto. Na fundi wa mageti je, umewahi kwenda kuongea naye? Sikutanii. Watu wengi hawajui jirani yao anafanya kazi usiku. Anaweza asikuelewe, anaweza pia akaanza na kupaka rangi asubuhi na kukata chuma mchana. Au kama kuna dada au shangazi mwenye nyumba ya block na dari karibu, zile siku za naiti mfululizo ukalale kwake masaa manne. Itakuletea maneno ya watu, unatoka kazini huendi kwako, hilo mkubaliane na mume kwanza.

Vidonge. Sikugombezi, uliniomba na sina sababu. Ila nikuulize kitu ambacho naona umekiruka. Diazepam, ndiyo hiyo Valium yako, haitoki mwilini siku hiyohiyo, inakaa siku kadhaa, na ukimeza kila siku inajikusanya. Vile viwili vya saa 4 asubuhi, juu ya vya jana na juzi, vilikuwa wapi saa 10 usiku? Kile unachomeza ili kesho ufanye kazi vizuri kinaweza kuwa kilikuwepo kwenye mkono ulioshika sindano. Sijui, na wewe hujui, lakini ni swali la kukaa nalo. Na tafadhali, usisome hapa ukaenda kuvitupa chooni leo. Miezi minne kila siku ukikata ghafla unaweza kupata kutetemeka, wasiwasi mkali, usingizi kupotea kuliko mwanzo, hata degedege. Inashushwa kidogokidogo na daktari anakuangalia. Daktari sio lazima awe wa hospitali yenu, na kwa hali yako ningeelewa ukienda mbali. Huko huko waulize kuhusu tiba ya mazungumzo ya usingizi, ile ya kurekebisha tabia na mawazo yanayozuia kulala, ndiyo inayopendekezwa ianze kabla ya vidonge. Kwenye hospitali kubwa za Dar wapo wanasaikolojia, hawatoshi, foleni ndefu, ila wapo.

Tuje kwenye siri. Unasema tangu siku ile hata ofu unaamka saa 10 usiku. Hapo hakuna fundi, hakuna jua, hakuna kopo. Ndio maana nasema hata tukikutafutia chumba chenye kiyoyozi, saa 10 itakufuata.

Kusema kuna njia zaidi ya moja. Unadhani kumwambia inchaji ni kwenda kuungama, "nilikaribia kumuua mtu." Lakini unaweza kwenda na kitu kingine mkononi: kosa lililoshikwa kabla halijamfikia mgonjwa, limetokea naiti ya sita, wauguzi wawili, dawa haikuandikwa kwa sababu mchomaji aliitwa kwa mzazi mwingine. Ukilisema hivyo linakuwa habari ya wodi. Pengine mkaishia na karatasi ya magnesiamu kuning'inia kitandani kwa mgonjwa badala ya faili kukaa mezani, pengine na tiki ya watu wawili. Hatari yake ipo na sitaificha. Unaweza kukuta uongozi ni wale wa kutafuta nani, sio nini. Urafiki wenu unaweza kutikisika. Mkataba wa mwezi wa tisa upo. Siwezi kukuapia kwamba hakuna atakayekufungulia jalada, na neno leseni mimi sio mtu wa kulijibu, nenda kwa viongozi wa TANNA, chama cha wauguzi, au TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, uliza kwa namna ya "kuna mwenzangu imemtokea hivi" kabla hujataja jina lako. Ila unaposema utambebesha inchaji mzigo, unajuaje kwamba hajaubeba tayari? Yeye ndiye anayepanga rosta ya naiti saba. Huenda na yeye anahitaji karatasi ya kwenda kupigia kelele juu.

Kunyamaza nako ni njia, watu wengi wanaichukua, sikuhukumu. Gharama yake unaijua kuliko mimi, na ingine ni kwamba ndoo ya takataka kesho inaweza kupekuliwa na mtu mwingine na vichupa viwe vya mwenzako.

Halafu kuna kuomba kutolewa naiti. Hapa nina kitu labda hukijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 20, inahesabu usiku ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, kila saa ya usiku inatakiwa ilipwe nyongeza isiyopungua 5% ya mshahara wa msingi, na mfanyakazi ambaye daktari amethibitisha kwamba afya yake haifai kazi ya usiku mwajiri anatakiwa amhamishe. Sheria hiyohiyo inataka mapumziko ya masaa 12 kati ya siku na siku, na masaa 24 mfululizo kwa wiki. Ripoti inayoisha saa 2 na nusu imeshakula nusu saa yako kila siku, na naiti saba mfululizo ni masaa 84, sijui wiki yenu ina siku ngapi. Sasa sheria kwenye karatasi na sheria wodini ni ndugu wasiosalimiana, najua. Kwenda na barua ya daktari ofisini wakati mkataba unakaribia kuisha kunaweza kukuacha nje kimyakimya, "hatutaendelea na wewe," bila sababu. Na ukitoka naiti ile nyongeza inakatika, ada ya watoto je? Pigeni hesabu na mumeo kwa kalamu, sio kichwani saa 10 usiku. Huenda mkikaa watatu wanne wenye rosta moja mkaandika barua moja ni tofauti na mtu mmoja kusimama kwenye kikao.

Kuacha kazi. Mwenzako wa duka unamuonaje? Nauliza kweli. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022 limeielezea ile hali ya kuishiwa kabisa kikazi, mwili umechoka mpaka basi, unaanza kuwachukia unaowahudumia, unajiona hufai, na limesema ni jambo linalotokana na kazi, halikuliweka kwenye magonjwa. Nasikia yote matatu kwenye barua yako. Lakini nasikia pia mtu anayefundisha wanafunzi kugonga goti kila siku. Huyo anayetaka kuacha ni mkunga, au ni mtu wa naiti ya sita? Inawezekana ni wote. Uamuzi huo ningependa uufanye ukiwa umelala usiku hata wiki moja, kwahiyo kama una likizo ambayo hujaichukua, iangalie. Ikiwa bado unataka kuondoka baada ya hapo, utakuwa unaondoka wewe.

Umeniuliza useme au unyamaze na mimi sijakujibu, nimeona. Anza na mtu mmoja, mwanangu, yeyote. Mumeo hajui kuhusu sindano, si ndio? Hujaandika popote kwamba anajua. Anafikiri anabishana na mtu anayelala mchana.

Na yule mama wa kitanda namba 8. Umeandika jibu ulilompa neno kwa neno, hukuandika kama ulirudi kwake. Kama aliandikisha namba ya simu kwenye faili siwezi kukwambia uitoe humo, sio sawa. Ila wazazi wenu si wanarudi kliniki na watoto? Siku ya kliniki huwa inakuwa lini?